Mama wa Tambi

Hakuna kitu kinachonitia kichefuchefu kama kipindi cha kujazia. Mnaotazama zile sinema za mashujaa wa Kijapani mnakijua. Wiki iliyopita jitu la vichwa vitatu limevunja daraja na kumteka profesa, na shujaa mwekundu ameapa kulipiza kisasi. Unakaa mkao wa kula. Wiki hii shujaa yuko wapi? Yuko jikoni amevaa aproni, anashindana na mwenzake wa bluu kupika tambi. Profesa bado amefungwa kamba. Wanapika, wanaunguza, wanacheka, na mwishowe dunia iko pale pale ilipokuwa. Upuuzi mtupu.

Mimi, Mutunga, ni dijei wa sinema hapa Kitengela. Si wa muziki. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyasema kwa Kiswahili, nikiongeza chumvi yangu, kisha watu wanakuja dukani nawawekea kwenye flashi. Wateja wangu wengi ni wakata mawe wa machimbo. Mkata mawe hataki kuona tambi. Anataka ngumi.

Kwa hivyo vipindi vya kujazia nilimwachia mke wangu.

Nzilani anashona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Yeye ni wa kola. Kola siku nzima, mwaka wa saba huu, na shati zima hajawahi kulishona huko. Ni mtu mpole, wa kuimba sauti ya pili kwenye kwaya, na ukimuuliza swali anakujibu kwa maneno manne. Lakini Jumamosi alasiri alikuwa akitoka kazini, anavua viatu, anaingia na maikrofoni ndani ya kabati la nguo, kwa sababu nje malori ya mawe hayaishi kunguruma, na humo ndani anageuka mtu mwingine. Nilikuwa nikimsikia nisiamini kwamba ndiye yule ninayekula naye ugali. Jitu lililotumwa kuangamiza mji lilipiga hodi kwanza, likawasalimia watu kwa Kimaasai "Supa," likakasirika kwamba hakuna aliyejibu "Ipa." Mama muuza tambi, mwenye kibanda ambaye huwalisha mashujaa wakishikwa na njaa, aliwafokea kama mama yeyote wa Machakos: "Nyinyi muko na nguvu ya kupiga majitu lakini kuosha sahani hamuwezi? Hebu shika hiyo sufuria!"

Nilikuwa nikicheka, sikatai. Halafu nilikuwa nikijikasirikia kwa kucheka, maana profesa bado amefungwa kamba.

Mwezi wa sita dijei mwingine akafungua duka ng'ambo ya barabara, akaanza mfululizo uleule niliokuwa nao, wa mashujaa watano, vipindi arobaini na nane. Ambaye angemaliza kwanza ndiye angebaki na wakata mawe. Nikatazama orodha. Vipindi tisa vilikuwa vya kujazia, na vyote Nzilani alikuwa ameshavimaliza. Nikavitoa. Na kwa kuwa diski yangu ilikuwa imejaa, nikavifuta kabisa pamoja na sauti yake, nikabadilisha namba ili pengo lisionekane. Sikumwambia. Nilijiambia takataka haiagwi.

Nisichojua ni kwamba Nzilani, huyo wa maneno manne, alikuwa amewatangazia wanawake wote wa laini yao kiwandani kwamba yumo ndani ya sinema. Kaluki, anayeshona mikono ya mashati, akaja dukani kuchukua vipindi ishirini vya kwanza. Nilimwekea mwenyewe, tena nikamshukuru. Jumapili baada ya kanisa wakakusanyika kwake, wanawake saba, chai na mandazi mezani, Nzilani amepewa kiti cha mbele.

Haya niliambiwa na Kaluki mwenyewe siku aliyokuja kunitukana. Alisema walitazama kuanzia saa sita mpaka jua likaanza kushuka. Kila kipindi kikianza mtu anauliza, "Uko hii?" na Nzilani anajibu, "Inakuja." Wakanisikia mimi, mimi, mimi tu, nikibweka. Kufika kipindi cha kumi na tano, mmoja wao akacheka: "Nzilani, si useme tu ulikuwa unatudanganya?" Nzilani akasimama, akasema ameacha nguo kwa kamba, akaondoka.

Alinikuta nyumbani nikirekodi vita. Akangoja nimalize.

"Baba Elsie, zangu ziko wapi?"

"Nilifuta. Hazina maana kwa hadithi, mama. Watu wanataka story iende."

"Zote?"

"Zote."

Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja mara mbili. "Ungeniambia tu," akasema, "ningejua kunyamaza mbele ya watu."

Ugomvi wetu ulikuwa huo tu. Heri angenirushia sufuria. Kesho yake alirudi kwenye kola zake.

Nilimshinda yule dijei wa ng'ambo, nikamtangulia wiki mbili nzima. Sasa sikieni ubaya wa waandishi wa Kijapani. Kipindi cha mwisho kabisa, mashujaa wote watano wako chini, hawana nguvu hata ya kuinua kidole, na anayetokea ni nani? Mama wa tambi. Anamwaga supu kwenye bakuli tano, anasema sentensi tatu, wanaamka. Nikamwendea Nzilani jikoni.

"Mama Elsie, nisaidie na hizi tatu tu."

"Niko na uchovu, Baba Elsie."

Nikazisema mwenyewe kwa sauti nyembamba, sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Nilipojisikia kwenye spika nilipunguza sauti. Nikaziacha hivyo hivyo, nikauza.

Jumamosi Ochola, mkata mawe na mteja wangu wa tangu nifungue duka, akarudi na vumbi lake jeupe kichwani.

"Boss, ile ya mwisho imenichanganya. Huyo mathe wa tambi ametoka wapi? Na mbona anaongea ni kama wewe umefinywa?"

Nzilani ndiyo kwanza alikuwa akiingia, ameniletea chakula. Nikainama chini ya kaunta kana kwamba natafuta waya. Yeye ndiye aliyemjibu.

"Huyo mama alikuwa anawapikia tangu mwanzo. Alitolewa."

"Aii! Na nani alikuwa anamwongelea?"

"Mama mwingine tu," Nzilani akasema. "Alikuwa anafanya kazi hapa."

Akaweka sahani yangu juu ya kaunta, akaifunika, akaenda zake.