Mama Wawili, Kichwa Kimoja

Nianze na bei, kwa sababu mimi ni mtu wa bei. Kosa hili limenigharimu jogoo wawili, mkungu wa ndizi, kiatu cha mguu wa kulia, na ada ya mwaka mzima ya mtu niliyekuwa nimeapa sitamlipia hata siku moja. Nimehesabu mara mbili. Na bado nacheka peke yangu jikoni, mpaka mke wangu ameanza kunipikia uji wa wagonjwa.

Nilikosa mimi. Si mashine, si mtandao, si mteja. Mimi, kwa mkono wa kulia, kikombe cha chai kikiwa kwenye wa kushoto.

Nina ofisi ndogo ya kompyuta Kisii mjini, juu ya duka la vitambaa. Wenye maduka, shule na vyama vya wakulima hunilipa niwatunzie mitambo. Kwa miaka mingi kila mteja alikuwa na seva yake, lile sanduku linalonguruma chini ya ngazi, na ndani yake orodha ya wafanyakazi wote: nani ana ruhusa ya kufungua nini, na neno lake la siri ni lipi. Mtu akiajiriwa, napigiwa simu. Mtu akisahau neno la siri, napigiwa simu. Panya akikata waya Keroka, naenda Keroka na koleo mfukoni.

Basi nikaamua orodha zote zihamie mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, kupitia mtandao. Nikae kwangu na chai, nibonyeze hapa, mtu wa Nyaramba afunguliwe kule. Wateja wangu saba wakakubali, lakini sita wakasema neno lilelile kana kwamba walifanya kikao: anza na yule mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tukiona hajalia, tutafuata.

Huyo nitamwita Bosi. Ana duka kubwa Keroka, lingine Daraja Mbili, na la tatu Nyaramba, kwao nyumbani. Bosi akifurahi, nina wateja saba. Bosi akilia, ninarudi kuuza kava za simu kando ya barabara. Hicho tu ndicho kilichokuwa mezani.

Shida ilianzia kwenye bei. Kampuni yenye hayo mawingu inatoza kwa kichwa: kila jina kwenye orodha lina ada yake ya mwezi. Sawa. Lakini bei yenyewe imeandikwa kwenye skrini, na skrini haina mdomo! Mimi ni mtu ambaye sokoni Daraja Mbili nimewahi kununua shati la mtumba kwa bei ya vifungo vyake. Unaondoka, unaitwa. Unaondoka tena, unaitwa tena. Sasa nitaondoka niende wapi, na skrini haiiti mtu? Nilijaribu, sitakuficha. Nilifunga ukurasa, nikatazama dirishani kama mtu asiyejali, nikaufungua tena. Bei ilikuwa palepale, inanitazama.

Nikajiambia, kama bei haishuki, vichwa vitashuka.

Nikaipitia orodha ya Bosi kama anayechambua maharagwe. Mlinzi aliyeacha kazi, toa. Dereva aliyeenda Qatar, toa. Halafu nikakuta Rebeka Kwamboka. Chini yake kidogo, Rebeka Kwamboka tena. Nikacheka! Yaani wanataka kunihesabia mtu mmoja mara mbili, mimi ambaye kuhesabu mara mbili ni kazi yangu!

Ili nisije nikalaumiwa, nilimpigia Bosi. Alikuwa akisimamia lori la simiti Keroka, kelele tupu. Nikamuuliza huyu Rebeka Kwamboka wa kwanza ni nani.

"Huyo ni mama," akasema.

"Na huyu wa pili?"

"Mama. Mpe ruhusa zote, bila yeye hapa hakuna kinachosonga."

Halafu nadhani mfuko ulipasuka, maana nilisikia akifokea watu, na simu ikakatika.

Mama na mama. Mtu mmoja. Nikabaki na wa kwanza, aliyekuwa na cheo cha mkurugenzi na namba ya simu, nikamfuta wa pili, na ruhusa zote za wa pili nikamvika wa kwanza. Mashine ikauliza nani awe msimamizi mkuu, mwenye kauli ya mwisho. Nikamweka mama huyohuyo. Ndipo nikaona jina langu mwenyewe pale chini, nalo linatozwa! Nikajitoa. Kichwa cha Rebeka na kichwa changu, asubuhi moja! Nikaagiza chapati.

Wewe unayesoma, kama unatoka kwetu, najua umeshashika kichwa. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na akishalipata, baba yake mwenyewe humwita mama. Si utani, ni heshima. Mimi nina binti mdogo mwenye jina la mama yangu, na kila asubuhi namwambia, "Mama, vaa viatu." Mimi! Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani wa kumwelewa Bosi siku ile, ni mimi.

Rebeka niliyemfuta alikuwa binti ya Bosi, mhasibu wa maduka yote matatu. Rebeka niliyembakisha alikuwa mama mzazi wa Bosi, bibi kizee anayechuna majani chai na kulima ndizi Nyaramba. Aliandikwa mkurugenzi zamani, mumewe alipofariki, kwa sababu duka la kwanza lilijengwa kwenye kiwanja chake. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Jumatatu binti akafika kazini kufungua mauzo ya siku ya maduka yote matatu, kama kawaida yake. Mfumo mpya unataka uthibitishe kwa namba sita zinazotumwa kwa simu. Zikatumwa. Zikafika salama kwenye simu ya vibonyezo iliyofungwa ndani ya leso, katikati ya shamba la chai.

Binti akanipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Fundi, mimi ni nani?"

Nikamwambia wewe ni Rebeka.

"Basi iambie kompyuta."

Nikamshauri tufanye ya haraka: ampigie nyanya yake, asomewe hizo namba, aingie. Akapiga huku mimi nasikiliza. Sasa kwetu mtu mzima humsalimii kwa neno moja ukaingia kwenye shida zako. Bwakire buya, yaani habari za asubuhi, umelalaje, ng'ombe je, mvua je, yule jirani mgonjwa je. Zile namba zina uhai wa dakika chache. Zilikufa wakiwa kwenye ng'ombe.

Zikaombwa nyingine. Safari hii magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya, akasoma. Lakini amezoea pesa za chai zinazoingia kwa simu, kwa hiyo alizisoma kama pesa: "Laki mbili, elfu kumi na nane, mia nne na sita." Kisha akauliza ni nani huyo anayemtumia zote hizo, na mbona haziingii.

Binti akawa anageuza pesa kuwa namba. Akaizoea, tena akawa hodari. Ila namba ikianza na sifuri, magokoro aliiruka, maana nani hutaja sifuri mbele ya pesa? Siku kama hiyo Keroka hawauzi hata msumari mpaka namba nyingine ije.

Utauliza kwa nini sikurekebisha. Ningerekebisha kwa jina la nani? Langu nilikuwa nimelifuta mwenyewe na kulisherehekea kwa chapati! Nikawaandikia wenye mawingu. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba wanaelewa, wanasikitika, na kwamba badiliko lolote la orodha sharti likubaliwe na msimamizi mkuu, Bi. Rebeka Kwamboka, kwa namba ya peke yake, si ile ya kufungulia mauzo. Nikaandika tena. Wakasikitika tena.

Naye Bi. Rebeka Kwamboka alikuwa ameanza kuonja utamu. Mwanzoni alisoma tu. Baadaye akawa anauliza kwanza: mnataka kufungua mfanye nini? Jana mliuza nini? Yule kijana wa Daraja Mbili bado anachelewa? Kabla ya wiki kuisha, meneja wa Keroka, mtu mzima na tai yake, alikuwa anampigia kila asubuhi kumpa habari za mabati, ndipo namba isomwe.

Ijumaa, jua lilipozama, akazima simu.

Magokoro ni Msabato wa kweli. Bosi alihamia kanisa la mkewe na hufungua maduka Jumamosi, siku yake kubwa ya mauzo. Miaka yote mama yake amemwomba afunge, na miaka yote amejibiwa, "Nitafikiria, mama." Basi Jumamosi ile milango ilikuwa wazi na mashine zimefungwa. Wanunuzi wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Lori la mabati likageuza na mzigo wake.

Bosi alinipigia mara moja tu. Alisema Jumapili ikiisha kabla mambo hayajarudi yalivyokuwa, nisijisumbue kuja Jumatatu, na wale wateja wengine sita atawaeleza yeye mwenyewe.

Jumapili asubuhi nikaenda Nyaramba na jogoo kwapani na mkungu wa ndizi mgongoni, nimeununua Daraja Mbili. Ndiyo, nilimpelekea mkulima wa ndizi ndizi. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko wa kwenda kwake tope likanivua kiatu cha kulia na kukimeza. Niliingia kwa magokoro na soksi moja, na binti ya Bosi, aliyetangulia kufika, akageukia ukuta mabega yakitikisika.

Magokoro akampima jogoo kwa mkono. "Huyu ni wa kosa gani?"

"La kukuchanganya na mjukuu wako, magokoro."

"Mimi na yeye jina ni moja, mtu ni mmoja. Hapo hukukosea." Akamweka jogoo chini. "Huyu ni wa kunitoa."

Nikakiri. Nikamweleza kwamba nataka anisomee namba moja tu ya mwisho, nimrudishe mjukuu wake na nijirudishe mimi, na baada ya hapo hatasumbuliwa tena na simu.

"Nani amesema nasumbuliwa?"

Hapo nikajua nimekutana na mtu wa soko.

Alitaka maduka yote matatu yafungwe Jumamosi. Nikampigia Bosi, akasema hata moja halifungwi. Nikarudi kwa magokoro, hakushuka. Basi nikatoa silaha yangu ya Daraja Mbili: nikasimama, nikaaga, nikaondoka. Nilitembea polepole nikingoja kuitwa. Nikafika langoni. Nikainama kufunga kamba za kiatu, nikakumbuka kilichobaki kiko mguu mwingine, nikafunga hicho. Hakuniita! Nikarudi mwenyewe.

"Chai imepoa," akasema. "Ulikawia."

Baada ya simu nyingine kwa Bosi, tulimalizana hivi. Keroka na Daraja Mbili zifunguliwe, hataki kujua. Duka la Nyaramba, ambalo wenzake wa kanisani hupita mbele yake wakienda ibadani, lifungwe Jumamosi. Na sharti la pili: asitolewe kwenye orodha.

Hilo la pili alilisema mwenyewe kwenye simu, kwa mwanawe. "Nimekuwa kwenye hayo maduka tangu yakiwa kibanda. Wiki hii ndiyo ya kwanza kuulizwa kitu. Jina langu libaki."

Bosi akasema, "Sawa, mama." Na safari hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza mama yupi.

Nikaomba namba. Simu ikalia ndani ya leso. Binti akachukua kalamu tayari kugeuza pesa. Magokoro akaisogeza simu mbali na macho, akasoma kama mtangazaji wa redio: "Sifuri. Saba. Moja. Moja. Tisa. Nne."

Tukamtazama. Kalamu ya binti ilikuwa hewani.

"Mkiomba vizuri," akasema, "nasoma vizuri."

Jogoo wa pili alikuwa wa binti, maana aliniuliza: nyanya amepata jogoo kwa kubaki, mimi niliyefutwa napata nini? Na ada ya kichwa cha magokoro, Bosi alisema ni mzigo wangu, mwaka mzima. Ada ya kichwa cha pili niliyoikata kwa furaha, sasa nailipa kwa machozi!

Basi wewe unayehamisha orodha za watu kwenda mawinguni, nisikilize. Ukiambiwa "huyo ni mama", usikate simu. Uliza: aliyekuzaa au uliyemzaa? Na jina lako mwenyewe usilifute, hata likitozwa dhahabu.

Bosi hakulia. Wale sita wamekuja wote, na ndiyo maana naandika kuomba ushauri. Magokoro alisimulia kanisani. Sasa mama wa wateja wangu nao wanataka kuwekwa kwenye orodha, wapigiwe simu asubuhi, waulizwe. Mteja mmoja ana mama mzazi, mama wa kambo, na mabinti wawili anaowaita mama, na katika hao wanne, watatu wanaitwa Moraa. Bei ya skrini bado haijashuka hata senti.

Niwafanyeje? Aliyewahi kupata punguzo mawinguni anieleze alisimama wapi, akasema nini. Ila ajue mapema kwamba jogoo sina tena.