Marekani Niliyoifundisha Nikiwa Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni nikiwa na vumbi la Nzega mpaka kwenye nyusi. Sketi niliyoipiga pasi Tabora kwa makini, basi lilikuwa limeikunja lilivyotaka. Mkuu wa Shule, mtu mrefu asiyependa kukaa, alinipokea akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Hakuniuliza nimelala wapi wala nimesomea nini. Aliniuliza kama naweza kuanza na kipindi cha tatu.

"Jiografia, Kidato cha Tatu," alisema. "Wamefika Marekani."

"Mkuu, mimi chuoni nilijikita kwenye usomaji wa ramani na udongo."

"Vizuri sana. Marekani ina ramani na ina udongo. Nenda, mwalimu, watoto wanapiga kelele."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu, na ambayo leo nikiikumbuka naona haya. Nawaandikia ninyi walimu vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu hapa Ipuli asubuhi, mnanisalimia shikamoo bila kusimama kwa sababu mmechelewa. Mmezoea kuambiwa mazuri ya walimu wa zamani. Mimi nitawaambia na lile linalonifanya niiname.

Wakati wetu kazi ilianza na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, kisha andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Usipokuwa na andalio huingii darasani, hata kama somo unalo kichwani kama sala ya Baba Yetu. Vifaa vilikuwa chaki, rula ndefu ya mbao, na ramani moja ya ukutani iliyotunzwa stoo pamoja na mahindi ya shule. Panya walikuwa wameila rasi yote ya Florida. Basi watoto wa Nzega wakaichora Marekani haina mkia, mwaka baada ya mwaka, na mimi nikawapa vema.

Aliyenifundisha ufundi wenyewe alikuwa Mkuu wa Idara, mzee mmoja mwenye sauti ya chini na kikohozi. Alinikuta naeleza milima, natoa jasho, darasa zima limesinzia. Baada ya kipindi akaniita pembeni.

"Binti, unajichosha bure. Hawa hawaendi huko. Kitakachowafikia ni mtihani. Gawa ubao katikati. Huku faida za kuishi eneo hilo, huku hasara. Tano kwa tano."

"Na nikipata nne?"

"Ipasue moja ziwe mbili. Bandari nzuri, na usafiri rahisi. Nani atakukamata?"

Jamani, nilifaulisha! Darasani lugha ilikuwa Kiingereza, lakini nilipotaka waelewe nilifunga mlango na kugeukia Kiswahili. Kaskazini Mashariki niliwaambia kuna miji mikubwa, vyuo, bandari na treni zinazofika kwa wakati, na hapo walicheka sana. Hasara yake msongamano, na chumba kimoja kinameza mshahara. Nyanda za kati niliwaambia ni mbuga ya Igunga iliyolimwa ngano mpaka macho yachoke. Ardhi tele, watu wachache, ila kuna tufani inayozunguka na kuondoka na paa la nyumba. Kusini joto, maisha nafuu, tumbaku na pamba kama kwetu, lakini unyevu, vimbunga vya baharini, na bila gari lako huendi hata dukani. Pwani ya Magharibi matunda na jua, halafu tetemeko la ardhi na moto wa nyika. Na Kaskazini, kando ya Maziwa Makuu yao, kuna viwanda, hospitali nyingi na mishahara mizuri. Hasara yake ni theluji.

Theluji ndiyo ilikuwa mali yangu. Nilikuwa naeleza kitu kinaitwa athari ya ziwa: upepo wa baridi unavuka maji yenye joto kidogo, unabeba mvuke, ukifika ng'ambo unaumwaga wote kama theluji. Nilikuwa napuliza kwa mdomo, natembea toka dirishani hadi mlangoni, nafika kwa mtoto wa mwisho namwagia vumbi la chaki kichwani. Darasa linapasuka. Hakuna aliyelisahau somo hilo.

Toka Nzega nikahamishiwa Igunga, ambako Mkuu wa Shule alikuwa mtu wa Biblia na fimbo, na toka Igunga nikaletwa Tabora mjini, kwenye shule ya wasichana. Hapo ndipo Mkaguzi wa Kanda aliponikuta. Alikaa nyuma ya darasa amekunja nne, kalamu mdomoni. Nilipomaliza akasimama.

"Mwalimu, ulikaa Marekani miaka mingapi?"

"Sijawahi kufika, mheshimiwa. Nimeishia Dar es Salaam."

"Acha utani. Unaongea kama mtu aliyepanga nyumba huko!"

Kichwa kilinivimba, siwafichi. Wanafunzi wakaniita Mama Marekani, na jina likatoka nje ya geti likafika sokoni. Ikawa mtu akishinda ile bahati nasibu ya viza, kabla hajamwona padri anakuja kwangu. "Mwalimu, tukae upande gani?" Nami navuta kalenda ya mwaka uliopita, naigeuza nyuma, nachora mstari katikati. Wengine walinipigia simu baadaye wakishukuru. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumuuliza kama anataka kwenda.

Konsolata ni mtoto wangu wa pekee. Alisomea uuguzi, akafanya kazi hapa hapa Tabora, akapata nafasi ya kwenda kutunza wazee huko Marekani. Alikuwa na uchaguzi wa sehemu mbili. Mimi ndiye niliyemchagulia Kaskazini, kwenye maziwa. Hospitali nyingi, mishahara mizuri. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilisimama sebuleni na rula mkononi kana kwamba kengele imegongwa.

Alikuwa anapiga simu Jumapili, kwetu mchana baada ya Misa, kwao asubuhi. Baba yake humsalimu kwanza kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", halafu ananipa simu na kurudi kwenye redio yake. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Mtoto ananiambia, "Mama, theluji imefika madirishani, sijaona mtu tangu juzi." Namjibu, "Hiyo ndiyo athari ya ziwa, mwanangu. Wewe uko upande unaopigwa na upepo." Ananiambia anakula amesimama, kwa sababu akikaa mezani peke yake chakula hakipiti. Namweleza kwamba maeneo ya viwanda watu wana haraka. Aliniuliza siku moja kama uyoga umeanza kuuzwa barabarani, nikamjibu kwa kumtajia wastani wa mvua. Loh! Mwanamke mzima, mama wa mtu!

Mwaka huu mwajiri wake akafunga nyumba ya wazee ile ya Kaskazini. Wafanyakazi wakaambiwa wachague: Kusini au Pwani ya Magharibi, na asiyetaka akatafute kwingine. Konsolata akasema angetupigia Jumapili tuzungumze. Nikaitisha kikao. Nilimwita shemeji yangu Faustini, mdogo wake mume wangu, mkulima wa tumbaku kule Ipole, akaja na galoni ya asali. Nikatundika kalenda ukutani, nikachukua kalamu nene. Simu tuliiegemeza kwenye birika, spika wazi.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Na baba yako mdogo yupo. Sasa tulia, tunaanza na Kusini."

Nawaambia, nilifurahi! Nilikuwa darasani tena. Faustini alitaka Kusini. "Kuna tumbaku huko, atajiona yuko nyumbani," alisema, "na mimi anipelelezee bei." Mume wangu aliuliza upande upi una Misa ya Kiswahili. Nikaandika faida, nikaandika hasara, Pwani ya Magharibi nikalipasua tetemeko likawa hoja mbili, tetemeko na nyufa za kuta. Mara moja tu Konsolata aliuliza, "Mama, mmemaliza?" Nikamwambia asubiri, bado ya tano.

Tulipomaliza akasema taratibu, "Mama, ongeza sehemu moja."

"Alaska?" Faustini akacheka. "Huko utaolewa na dubu."

"Tabora," akasema Konsolata. "Andika Tabora."

Nikaandika, maana mkono wa mwalimu ukisomewa imla unaandika wenyewe. Nikaanza na hasara. Mshahara mdogo. Dawa haba wodini. Joto la Oktoba. Vumbi. Umeme. Zilitoka mfululizo, sikuvuta pumzi. Nikahamia upande wa faida, kalamu ikasimama kwenye karatasi mpaka wino ukafanya doa.

Miaka yote ya kazi yangu, mimi mzaliwa wa Kigwa, niliyebatizwa huku, niliyeolewa huku, sikuwa nimewahi kulifundisha somo hilo. Nilijua faida za kuishi kila kona ya nchi ya watu.

"Mama?" akasema. "Nimechoka. Kuna nafasi za wauguzi hapo Tabora, nimeulizia. Nataka kurudi."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo nililolijia. Mama mwingine yeyote, hata asiyejua kaskazini wala kusini, angesema njoo. Mimi nilimtazama Faustini, nikafikiria majirani, nikafikiria parokiani wanavyonipisha kwenye benchi la mbele, nikafikiria wale wote niliowachorea kalenda. Nikasema, "Konso, sasa ukirudi, watu tutawaambiaje?"

Mume wangu aliinuka, akaizima redio iliyokuwa inanong'ona chumbani, akarudi akanitazama jinsi ambavyo hajawahi kunitazama.

"Sawa, Mama," akasema Konsolata. "Kusini. Ina hoja nyingi." Akakata simu.

Faustini alinywa chai yake haraka, akasema anawahi gari la Ipole. Mume wangu aliing'oa kalenda ukutani bila kuniomba ruhusa, akaikunja na kuipeleka jikoni. Siku zile alinisemesha yale ya lazima tu, chumvi na maji ya kuoga, na sikumlaumu. Konsolata alihamia Kusini. Aliendelea kupiga kila Jumapili, lakini alikuwa ananijibu kama mwanafunzi anayejibu mwalimu asiyempenda. Namuuliza hali, anasema, "Joto, Mama, na bei nafuu." Namuuliza kazi, anasema, "Karibu na nyumbani, nina gari." Namuuliza vimbunga, "Bado msimu." Kila jibu sahihi, na kila jibu lilinichoma.

Kustaafu kumenipa muda wa kufikiria, na sikuuomba. Walimu wenzangu, sisemi msifundishe nchi za mbali. Mtoto wa Nzega ana haki ya kuijua theluji kama alivyo na haki ya kuujua mto wa kwao. Lakini mimi niliwasomesha watoto wa watu, na wa kwangu, kwamba swali la wapi pa kuishi linajibiwa na mizani ya ubaoni, na kwamba mahali petu hapamo kwenye swali. Nilijua kimbunga kinaingilia pwani ipi, nikawa sijui mwanangu anakula na nani. Nikikutana na wale niliowashauri huwa nageuza njia, hata wanaonishukuru. Hao hasa.

Wiki iliyopita, siku ya kazi, nilipiga mimi. Nilikuwa uani, mume wangu anapalilia mchicha, akaacha jembe kusikiliza. Konsolata alipokea kwa hofu, akidhani kuna msiba.

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Rudi nyumbani."

"Mama, nimeshasaini mkataba."

"Unaisha lini?"

"Unauliza kama mwalimu?"

"Nauliza niandae chumba."

"Na hao watu wako? Utawaambiaje?"

"Nitawaambia mwanangu alinililia muda mrefu, mimi nikawa nampa hali ya hewa. Wacheke."

Akaanza kulia, kilio kile cha utotoni chenye kwikwi, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye udongo, simu sikioni, sikumweleza chochote.