Baba Alivyoinua Landrova

Juzi nilipita karibu na karakana moja kando ya barabara wakati fundi akichovya kipande cha chuma chekundu ndani ya debe la oili chafu. Kilichachatika, moshi mzito ukanipanda puani, nami nikasimama palepale na mfuko wangu wa mboga kama mtu aliyeitwa kwa jina. Harufu ile naijua. Niliinusa wiki nzima nikiwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya sabini, pale Isiolo, baba yangu alipoamua kuinua Landrova yetu.

Familia yetu iliishi kwa kubeba mizigo. Babu alikuwa askari wa Mwingereza. Alipovua magwanda akabaki Isiolo, akaanza na punda wawili. Baba, Adan, alifika mpaka kwenye Landrova. Alipeleka sukari, majani ya chai na unga kwa wenye maduka Kulamawe, jina ambalo lilinitia wasiwasi sana, kwa sababu niliamini wenyeji wa huko kweli hula mawe na kwamba sisi ndio tunaowaokoa. Gari lenyewe lilikuwa mkweche. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na springi zake, yale majani marefu ya chuma yanayobeba bodi, zilikuwa zimechoka zikanyooka kama rula. Lilikwenda likiburuza tumbo, kama mbwa aliyeiba nyama.

Ayeyo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu kwa Kisomali, mama mzazi wa baba, alikuwa na ndugu wawili Kulamawe: kaka yake mwenye duka, na dada yake mdogo, Dahabo. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, ililetwa habari kwamba kaka yake yuko taabani. Ayeyo aliamka alfajiri, akaswali, akajifunga shali, akakaa mlangoni na kifurushi chake mapajani. Nami nilikaa kando yake, maana hakusafiri bila mimi. Lakini baba alikuwa akingoja magunia ya sukari.

"Haraka haraka haina baraka, Hooyo," alimwambia mama yake.

Mama yangu, aliyekuwa akipeta mchele, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Sukari ilifika baada ya adhuhuri. Mvua ikafika nyuma yake.

Njia ya Kulamawe hukatwa na laga, mto wa mchanga ambao huwa mkavu mpaka siku unapokasirika. Landrova iliingia, ikashuka, ikalaza tumbo lake juu ya tope, magurudumu yakabaki kuzunguka bure. Tulilala ukingoni siku mbili. Maji yaliingia kwenye magunia, sukari ikageuka asali, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nililamba vidole mpaka tumbo likauma. Siku ya tatu tulipofika, kaka yake Ayeyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Ayeyo alisimama mbele ya kaburi bichi, akasema Inna lillahi, akageuka. Hakulia. Hakumgombeza mtu yeyote. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Mwaka ukapita. Kisha siku moja baba akalipeleka gari kwa Ekai, fundi Mturkana aliyekuwa na karakana yake ya mabati Chechelesi, si mbali na nyumbani. Ekai alikuwa mtu mnene mwenye mikono myembamba, na alipima kila kitu kwa shubiri na nyimbo za kanisani: chuma hiki kipigwe beti mbili, kile beti tatu. Kila alipomwona Ayeyo akipita alimsalimu, "Salaam aleikum, mama," na Ayeyo, ili asishindwe kwa adabu, akamjibu, "Habari ya kanisa, Ekai?"

Kila nilipotoka shule nilikimbilia huko. Niliona zile springi zikifunguliwa moja moja kama kitabu kilichochanika, zikawekwa motoni, zikapigwa nyundo mpaka zikapata mgongo tena, kisha zikachovywa kwenye oili. Ekai aliongeza majani mawili kutoka kwenye springi ya lori lililokufa zamani. Vile vipande vinavyoshika ncha za springi alivikata upya kutoka bamba nene, virefu zaidi ya vile vya kwanza. Kisha yakaja matairi. Yalikuwa ya mtumba, lakini makubwa, yenye meno ambayo kidole changu chote kiliweza kulala ndani yake. Yalikataa kuingia mpaka madigadi yakakatwa kwa msumeno.

"Bwana Adan," alisema Ekai siku ile, akijipangusa jasho, "unataka nikuinulie gari ama nikujengee ghorofa?"

"Inua tu," baba akasema.

"Ukifika juu sana, mpira wa breki hautafika. Lazima nitafute mrefu."

"Tafuta. Lakini inua."

Siku ya majaribio ilikuwa kichekesho. Ekai alikuwa amesahau kushusha taa, kwa hiyo jioni ile zilimulika matawi, na ndege waliokuwa wamelala wakaruka wakipiga kelele. Springi zilikuwa ngumu kama ubao wa darasani. Kwenye kituta cha kwanza nilirushwa nikagonga paa, nikauma ulimi. Ekai akaondoa jani moja kila upande, akashusha taa, na Landrova ikatulia. Ilisimama juu kuliko magari yote ya mtaa. Watoto wa mtaa wakaipa jina siku hiyohiyo: Ngamia. Mimi nilivimba kichwa hata shuleni nikaanza kutembea kwa madaha, kana kwamba mimi ndiye niliyeongezewa springi.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Jirani mmoja alikuja kuitazama, akaizunguka, akampiga baba begani. "Sasa mama yako atapanda namna gani? Ama utamwacha nyumbani achunge mbuzi?" Baba alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka na anayetaka mgeni aondoke. Leo nakijua kicheko hicho, nami hukitumia. Lakini nilikuwa na miaka tisa na mdomo usio na mlango. Nikakimbia kwa Ayeyo, nikamwambia yote, na mwishoni nikatia chumvi yangu juu ya baba: "Na Aabo akacheka sana."

Ayeyo alikuwa akishona. Aliuma uzi, akaukata. Baadaye akatoka mpaka uani, akaitazama Landrova kuanzia matairi hadi paa, na kimo chake chote yeye kilimfikisha kwenye kishikio cha mlango.

"Hata ngamia hupiga magoti ili mtu apande," alisema, bila kumtazama baba. "Hii gari yako haina adabu."

Tangu siku hiyo Ayeyo hakuligusa lile gari. Hata kwenda sokoni alikataa kupelekwa, akaenda kwa miguu kwenye jua, nami nyuma yake na kikapu, nikijilaumu kila hatua bila ujasiri wa kusema.

Mvua za mwaka ule zilianza kwa vishindo. Asubuhi moja dereva aliyetoka Kulamawe alisimama mlangoni kwetu, akakataa hata chai. Dahabo ana homa kali, alisema. Hali chakula. Anamwita dada yake.

Landrova ilikuwa imejazwa mizigo ya watu tangu jana yake. Baba alipanda nyuma, akaanza kutupa magunia chini uani, moja baada ya jingine, unga ukimwagika juu ya matope, na mwenye mali amesimama pale akiuliza, "Adan, umeingiwa na nini?" Katika muda wa kunywa kikombe cha chai gari lilikuwa tupu. Ayeyo akaja na kifurushi chake. Akasimama mbele ya mlango.

Mama alileta kigoda. Kikazama kwenye tope, kikainama. Ayeyo akajaribu tena, akateleza, akashika hewa. Watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akazunguka kutoka upande wa usukani. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akapiga magoti kwenye lile tope, goti moja chini na paja jingine limenyooka kama ngazi, akainamisha kichwa.

"Panda, Hooyo."

"Inuka. Watu wanakuona."

"Waache waone. Panda."

Ayeyo aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. Aliuacha pale kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayetafuta tu pa kujishikilia. Kisha akakanyaga paja lake na kiatu chenye matope, akapanda.

Tulipofika kwenye laga tulikuta malori mawili yamesimama, madereva wamekaa kwenye ukingo wakitafuna miraa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipita. Mmoja akamwambia baba asubiri mpaka kesho. Baba alivua viatu, akakata kijiti, akaingia mwenyewe, akipapasa chini hatua kwa hatua mpaka ng'ambo, kisha akarudi kwa nyayo zilezile. Maji yalimfika juu kidogo ya magoti.

Akaingiza gia ya nguvu, akasema Bismillahi, tukashuka. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Maji yalipiga chini ya miguu yetu, gari likainama upande wangu, nikasikia mchanga ukilegea. Ayeyo alinishika mkono akaubana mpaka pete yake ikanikata. Lakini tumbo la Landrova lilikuwa juu mwaka huo. Yale matairi yalitafuta, yakatafuta, yakauma kitu kigumu chini, nasi tukapanda ng'ambo huku maji yakichuruzika kila upande. Nyuma yetu madereva walipiga kelele za kushangilia. Baba hakuwapungia mkono. Alikuwa akitazama mbele.

Tulimkuta Dahabo hai. Alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini alimjua dada yake, akalalamika kwamba amechelewa, kama alivyolalamika kila mara maishani mwake. Waliishi pamoja siku tisa. Walilala mkeka mmoja, wakabishana ni nani aliyevunja chungu cha mama yao miaka hamsini iliyopita, wakacheka mpaka mgonjwa akakohoa. Siku ya kumi alfajiri Dahabo alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ayeyo. Ayeyo ndiye aliyemwosha, na safari hii alilia, kwa sauti, kama mtu mwenye haki ya kulia.

Baada ya maziko, wanaume walikula nje. Nilimwona baba kwa macho yangu akimaliza sahani ya wali na nyama, akaongezewa, akamaliza tena. Kisha akaingia ndani kumtazama mama yake. Ayeyo alikuwa ameketi na sahani yake ambayo hakuigusa. Akamwangalia mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Adan," akasema, "umekula?"

"Bado, Hooyo," baba akajibu.

Nikafumbua mdomo niufichue uongo ule. Baba akanitupia jicho ambalo sikupata kuliona kwake kabla wala baada, nikaufumba. Akakaa chini kwenye mkeka. Ayeyo akamsogezea sahani yake.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wangu ndipo mama yangu akanieleza, siku moja tukichambua mboga, kwamba tangu kaka yake Ayeyo azikwe, Ayeyo hakuwa amemuuliza baba kama amekula, swali alilozoea kumuuliza kila siku. Mwaka mzima chakula cha baba kilipita kwa mkono wa mama, na katika nyumba ile ndogo mimi sikuona kitu. Nilidhani baba aliinua gari ili awashinde wachukuzi wenzake. Nilidhani Ayeyo alichukia urefu wa mlango. Baba hakupata kutamka neno la kuomba radhi, wala Ayeyo hakupata kulidai.

Ila nakumbuka alivyokula ile sahani ya tatu. Alikula polepole, tumbo limejaa, jasho likimtoka, Ayeyo akimtazama kila tonge linavyoingia, na hakubakiza hata punje.