Mgongo wa Mkono

Fundi umeme huyu wa Katesh hagusi kitu kwa kiganja. Mlango, sufuria, hata shavu la mwanawe, hutanguliza mgongo wa mkono, maana kama kitu kina umeme, vidole hujikunja kuelekea kiganjani na mkono ukaachia; ukigusa kwa kiganja, vingeking'ang'ania. Zamani alikuwa akipiga mluzi juu ya ngazi. Siku hizi ana sonona, na anakaa kitandani akitazama ukuta. Dawa zilibadilishwa wee, hazikusaidia, mpaka daktari akasema imebaki tiba ya umeme: atachomwa sindano ya usingizi, umeme kidogo upitishwe kichwani, aamke. Fundi alikubali hapo hapo. Waliokataa ni ndugu.

“Wakupige shoti kama mwizi?” alifoka kaka yake, Evarist, ameketi kando ya kitanda, chini ya taa iliyofungwa na fundi huyu huyu. “Shika rozari, nenda shamba, acha kudeka!”

Hilaria, mke wa fundi, damu ilimchemka. Kudeka! Mtu ambaye hata viatu anafungiwa kamba! Alifungua mdomo amjibu, lakini mumewe alimtangulia, kwa sauti ambayo nyumba ilishaisahau.

“Kaka, tangu niugue mnanigusa kama waya ulio uchi. Mnagusa, mnaachia.”

Kisha akamshika kaka yake mkono, kwa kiganja kizima. Evarist akashtuka, akauchomoa.

“Umejiona, shemeji?” Hilaria akamwambia. “Na hapo umeme wenyewe bado hajawekewa.”