Mota Tatu za Tsawe

Shaba inapoungua ina harufu yake. Si ya moshi wa kuni wala si ya mpira. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, hukaa puani kisha ikashuka kooni kama sarafu uliyoilamba. Niliisikia tena mwezi uliopita nyumbani Ukunda. Mwanangu ana kindege cha kurusha angani, hupigia picha za harusi, na siku hiyo mota yake moja ilikuwa imeungua. Aliing'oa kwa ncha ya kisu, akanitilia kiganjani. Haikufika ukubwa wa kungumanga.

"Hizi za sasa hazina makaa ya kupokeza umeme ndani, mama," alinieleza. "Hakuna kinachosugua kitu. Huzunguka tu."

Nikamwambia ni ajabu ya Mungu, nikamrudishia, nikatoka kukaa barazani. Hakujua kwa nini niliondoka, na mimi sikuwa nimewahi kumsimulia mtu. Basi nawasimulia nyinyi.

Tsawe ni babu kwa Kidigo. Huyu ninayemtaja alikuwa ndugu mdogo wa baba yake baba yangu, na kwa kuwa babu mwenyewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, ndiye tsawe pekee niliyemjua. Jina lake Hamisi. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani mpaka kiuno kilipokataa, akarudi kijijini kwetu upande wa Msambweni, kwenye shamba lake la minazi lililoshuka kuelekea baharini. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee ameolewa Wasini. Sala zote tano aliziswali msikitini, safu ya mbele. Na baina ya adhuhuri na alasiri alitengeneza mota.

Hazikuwa na kazi. Nataka mlielewe hilo, maana kijijini hapakuwa na aliyelielewa. Hazikuvuta maji wala hazikusaga nafaka. Dada yake, Bi Mwanakombo, aliyekaa boma la jirani, alimwuliza siku moja nilipompelekea chakula:

"Yanakupa nini hayo, Hamisi?"

"Wengine hufuga njiwa, dada."

"Njiwa huliwa."

"Basi hizi huzunguka," akasema Tsawe, akaendelea na waya wake.

Zilikuwa tatu, na kila moja tuliipa jina. Ya kwanza aliisuka mwenyewe tangu mwanzo: msumari mnene, waya mwembamba wa shaba aliouchomoa kwenye redio mbovu na kuuwaindi kwa kidole mzunguko baada ya mzunguko, sumaku ya spika, na vipande viwili vya kopo la maziwa vya kuupokeza umeme. Haikuondoka mpaka uisukume, na ikishaondoka ilitikisa meza nzima. Hiyo tuliiita Punda. Ya pili aliitoa kwenye redio kaseti. Hiyo ilikwenda taratibu bila kelele, na ukiitwika mzigo wowote ilisimama. Tukaiita Bi Harusi. Ya tatu ilitoka ndani ya kigari cha kuchezea ambacho mtoto wa wageni alikivunja na kukitupa hotelini. Ilikuwa ndogo kuliko wenzake, nyepesi kama kibiriti kitupu, na ilipiga kelele tangu ilipoamka mpaka ilipolala. Tukaiita Mzungu, Mungu atusamehe.

Tsawe alipenda kuziweka kiganjani moja baada ya nyingine, akizipima kwa macho yaliyofumbwa. "Waona, mjukuu wangu? Kila inayokuja inapungua uzito na kuzidi nguvu. Ndipo nasema, iko siku mota itajibeba yenyewe."

Hakungoja siku hiyo ije. Alichukua moyo wa mlingoti wa mkonge uliokauka, ambao ni mwepesi kama hewa, akauchonga mwili na mbawa. Mbawa akazivisha mfuko wa nailoni mweusi, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Panga la mbele, la kusukuma hewa, alilikata kwenye dumu la mafuta. Betri ndiyo iliyomshinda, kwani ilikuwa nzito kuliko vyote. Basi akaiacha chini: akasimika mti uwanjani, akapitisha nyaya mbili nyembamba kutoka betri ya gari hadi juu ya mti, na kutoka hapo hadi kwenye ile mashine, ili iruke kwa kuuzunguka mti kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mwaka mmoja kabla palikuwa na vurugu, watu wa bara wakakimbia na watoto wao mgongoni, na sisi tuliobaki tukajifunza jinsi nyumba ya makuti inavyowaka upesi. Kisha ikaja ile mvua isiyokoma. Barabara ilikatika, vyoo vikajaa, maji yakasimama mashambani hadi kiunoni mwa migomba, na mbu wakaimba mchana kweupe. Kila juma tulisikia kilio boma fulani. Watu walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Nyuso zao zilikuwa zimekwisha kuandaliwa kwa lawama.

Iliruka siku ya jua, baada ya mvua kupumzika. Nilikuwepo. Tsawe aligusanisha nyaya, Mzungu akapiga ukelele, mashine ikakimbia mchangani kama kuku aliyefukuzwa, halafu miguu yake ikaacha ardhi. Ikapanda hadi usawa wa kichwa changu, ikazunguka, ikazunguka tena, cheche za buluu zikimeta tumboni mwake, na harufu ile ya shaba ikajaa uwanja. Tsawe alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo sana. Sijapata tena kumwona mtu mzima akifurahi vile.

Uwanja wake haukuwa na ua. Kivuli cheusi cha zile mbawa kilipita juu ya mchanga, kikapanda ukutani kwa Bi Mwanakombo, kikashuka, kikarudi. Na hapo barazani, juu ya mkeka, alikuwa amelazwa Mishi, mjukuu wake wa miaka minne, mtoto wa mwanawe Bakari, akiwa na homa ya siku mbili.

Kwetu mtoto homa ikimpanda mpaka akakakamaa na macho kugeuka juu, wazee walisema kuna kitu chenye mbawa kimempitia, kivuli chake kimemgusa. Mishi alikakamaa kabla ya alasiri. Nilimsikia Bi Mwanakombo akipiga ukelele, na maneno yake yalikuwa haya: "Hamisi, umemfanya nini mtoto?"

Bakari alimbeba mtoto hadi hospitali, sehemu kwa miguu, sehemu kwa baiskeli ya kuazima. Huko waliona malaria, wakamtundikia dripu. Mishi yu hai hadi leo, ni mama wa watoto, tukikutana sokoni tunakumbatiana. Lakini tangu jioni ile hakuna aliyeitika salamu za Tsawe. Msikitini, safu ya mbele, watu waliacha nafasi upande wake wa kulia na upande wake wa kushoto, wakati mtu huambiwa agusanishe bega na mwenziwe.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea uji. Kwenye kizingiti chake palikuwa na papai bichi, na juu ya papai, kibiriti.

Sikujua maana yake. Baba alijua. Mganga hulisomea papai, kisha mtuhumiwa hulishwa kipande mbele za watu: akiwa safi, hupita salama, akiwa mchawi, midomo humvimba. Na nani asiyejua utomvu wa papai bichi unavyochoma midomo, hasa ya mzee? Kibiriti kilikuwa kwa ajili ya mtu atakayekataa kula.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikaa na Tsawe asubuhi ile, mlango umefungwa, na nilimsikia Tsawe akisema, "Kiapo kisichokuwa cha Mungu sili, mwanangu. Bora waniunguze." Halafu wakanong'ona kwa muda mrefu.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa uwanjani. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walisimama na kanzu zao safi kama watu waliokuja mazishini. Tsawe alitoka na ile mashine mikononi. Aliamini, na mimi niliamini pamoja naye, kwamba mtu akiona kitu kinavyofanya kazi hukiacha kukiogopa. Akawaonyesha waya, sumaku, panga la dumu. "Ni mota ya kigari cha mtoto," alisema. "Tazameni, ndugu zangu. Hakuna zaidi ya hiki mnachokiona." Akagusanisha nyaya.

Ikaruka vizuri kuliko siku ile ya kwanza. Cheche zikametameta. Wanawake waliokuwa nyuma wakawafunika watoto kwa leso. Hakuna aliyekimbia, wote wakifuata kwa macho kile kitu cheusi kikiwapitia mbele ya nyuso, hadi waya ndani ya mota ukaungua, moshi ukatoka, kikaanguka.

"Haya," akasema mtu katikati ya kundi. "Sasa tumeona."

Bakari alikuwa na kibiriti mkononi. Alikuwa akikitikisa polepole, kama mtu anayesikiliza kama kimebaki kijiti. Wazee husema penye wengi pana Mungu. Siku ile nilimtafuta katika zile nyuso, na Mungu aniwie radhi, sikumwona.

Ndipo baba akasimama mbele ya Tsawe.

"Ami yangu hatakula papai," alisema. "Atakwenda Wasini kwa bintiye, leo hii. Na shamba..." Akamgeukia Bakari. "Shamba anamwachia mpwawe Bakari, kama walivyorithishana wazee wetu. Anamwachia sasa, angali hai, nanyi nyote ni mashahidi."

Tsawe alitazama mchanga. "Ndivyo," akasema.

Kisha Bakari akatia kibiriti mfukoni. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akajipangusa kanzu, na Bi Mwanakombo, ambaye hakuwa amemtazama kaka yake tangu Mishi alipougua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia bei ya dagaa: "Haya, maradhi ni kudura ya Mungu." Watu wakaondoka. Hakuna aliyelitaja papai tena.

Tsawe aliondoka na mswala wake na nguo zake. Mota alizichukua mtu mmoja akazitupa chooni.

Nilimchukia baba. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikwisha kufundishwa naye mwenyewe, kwa kalamu ya mti na ubao, kwamba mirathi ni hesabu ya Mungu na binti ana fungu lake lisiloguswa. Ada ya zamani ya Wadigo, ya mtu kurithiwa na mtoto wa dada yake, alitueleza kuwa dini imekwisha kuiondoa. Na sasa yeye, mwalimu, ndiye aliyesimama hadharani akaitoa haki ya yatima kabla hata hajawa yatima. Tena kumhamisha mzee ni kama kukiri kosa lake. Kwa miezi nilimsomea Kurani bila kumtazama. Hata wazazi wa wanafunzi walinong'ona, na wengine wakawahamisha watoto chuo. Baba hakujitetea. Alikuwa akisema tu, "Subirini," na hatukujua tusubiri nini.

Ilinichukua miaka kuelewa, nikiwa tayari mke wa mtu na mwalimu mwenyewe. Nilikuwa nikieleza wanafunzi wangu jinsi shamba linavyogawanywa, na ghafla nikaviona tena akilini vile vigingi: vigingi vya zege, vipya, vilivyopigwa mpakani mwa shamba la Tsawe upande wa barabara ya baharini. Nilivipita kila siku nikienda shule, nikaruka juu ya kimoja kwa mchezo. Vilikuwa vimepigwa kabla Mishi hajaugua. Kuna mtu alikwisha kuja kulipima lile shamba, na kuna mtu alikwisha kumwonyesha mipaka.

Sisemi kwamba Bakari hakuogopa kwa ajili ya mwanawe. Aliogopa, nilimwona akikimbia naye mabegani. Hofu ilikuwa ya kweli, na tamaa ilikuwa imekaa ndani yake kama funza ndani ya embe zuri. Baba alilijua hilo Alhamisi, nyuma ya mlango uliofungwa. Alimwacha Tsawe aonyeshe mota yake kwa sababu mzee aliomba apewe nafasi ya kusema kweli. Naye akangoja, akiwa na lile neno la shamba chini ya ulimi, kwa kuwa alijua kweli haitatosha. Akaitoa ardhi, na pamoja nayo jina lake la ualimu. Nilidhani ameiuza dini. Kumbe alikuwa akikomboa roho, na dini yenyewe ndiyo inayotuambia roho moja ina thamani gani.

Tsawe aliishi Wasini miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo nimesikia habari za wazee wengi wa pwani yetu walioitwa wachawi, na sitawahesabia jinsi walivyokufa. Yeye alikufa mchana, kitandani, kwa uzee, baada ya kuomba maji. Nilifika kabla hajazikwa. Binti yake, yule aliyenyimwa minazi yote, alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili.

"Mpe salamu baba yako," aliniambia. "Mwambie, macho ya baba yangu nimeyafumba mimi mwenyewe."

Nilimfikishia baba maneno hayo. Alikuwa akitia udhu. Aliacha maji yakimwagika kutoka kwenye kata, akasema "Alhamdulillahi," kisha akaanza udhu wake upya.