Cherehani Iliyokwenda Kuzuru

Shati langu la kaki lilikuwa na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mezani kwa bibi, kijijini Nyamwaga, umeshakatwa, ila cherehani iligoma. Inazunguka, inanguruma, haishoni. Na Jumatatu nilitakiwa kwenye kambi moja ya watalii kule Ikoma, kujaribiwa kazi ya kutembeza wageni. Mimi niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu kinachechemea. Tegemeo langu lilikuwa shati. Mtembeza wageni asiye na mifuko minne ni mpita njia tu.

"Tutaipeleka kwa Makalasinga," bibi akasema. "Hakuna Kalasinga asiyejua mashine."

Kwa bahati, Jumamosi ile mjomba alikuwa ameahidi kutuendesha ili nijizoeze kazi: kwanza hekalu dogo la Makalasinga mjini, halafu kaburi la sheikh ambalo Waislamu huja kulizuru, mwisho boma la Wajerumani, Ikoma. Wageni wangu walikuwa wawili: bibi, na cherehani yake ya mkono, aliyoipakata imefungwa kitenge kama kichanga.

Hekaluni tulivua viatu. Mjomba, mlokole wa kweli, akavua na kofia. Mzee wa pale, mwenye kilemba na ndevu nyeupe, akamwomba airudishe, humo kichwa hufunikwa. Mjomba akaivaa, akafumba macho asali, mkono ukaivua wenyewe. Akaombwa tena. Mara ya tatu mzee aliishikilia kofia kichwani pa mjomba mpaka amina.

Tukaketi chini, tukapewa chapati na dengu bila kuulizwa dini. Bibi akala, akaongezewa, ndipo akafungua kitenge.

"Baba, mgonjwa wangu ni huyu."

Mzee akaitazama. "Mama, mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu."

"Lakini ni Kalasinga?"

"Ndiyo."

"Basi jaribu."

Akajaribu, maskini. Akazungusha gurudumu, akanusa mafuta. "Ni safi sana. Nani aliisafisha?"

"Mjukuu wangu," bibi akasema kwa fahari. Mimi nikainamia dengu.

Kwenye kaburi la sheikh tulimkuta mtunzaji akidarizi kofia barazani. Nikaona nianze kazi.

"Hapa amelala mtu mkubwa sana," nikatangaza.

"Mkubwa kiasi gani?" bibi akauliza.

Sikuwa nimejiandaa kwa maswali. Nikalipima kaburi kwa macho. "Kama futi sita."

Mtunzaji alicheka mpaka kofia ikamponyoka. Alipojifuta machozi akaiona cherehani, akainama, akachungulia.

"Sindano mmeiweka kinyume, mama. Upande bapa umetazama siko. Nani kaichomoa?"

Mjomba akavua kofia.

"Nilitaka iwe safi ili imalize upesi," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mura!" Bibi huniita hivyo, kijana, akipenda na akikasirika. "Umenizungusha dini mbili kwa ajili ya sindano?"

"Tatu," mjomba akasema. "Mimi nimeiombea njia nzima."

Mtunzaji akaigeuza, akaijaribu kwenye pindo la kitenge. Ikashona. Bibi akamwombea baraka kwa Kikurya, naye akaitikia amina kama aliyeelewa kila neno.

Bomani, Ikoma, bibi hakuangalia ukuta hata mmoja. Alitafuta jiwe bapa la Wajerumani, akatua cherehani, akatoa shati na kipande chake mle kitengeni, akaanza mkono wa pili. Tiki tiki tiki, kwenye magofu. Gari la watalii likasimama, wakashuka na kamera, wakampiga picha yeye, boma wakaliacha. Mmoja akaniuliza huyu ni nani. Nikakusanya Kiingereza changu chote, nikamwambia ni bibi yangu, ni wa zamani, na bado anafanya kazi.

Wakacheka, wakanizunguka, wakitaka kujua zaidi. Mimi niko na fulana.

Bibi akakata uzi kwa meno. "Vaa, mura. Wageni wanasubiri."

Nikavaa. Mkono mmoja ulizidi mwingine kidogo, nikaukunja. Nikawapeleka kwenye ukuta mrefu kuliko wote, na walipouliza ukuta ule una kimo gani, nikajibu bila kusita.

"Futi sita."