Kujaza Gesi Msimbati

Dereva mjuaji kama mimi hafai kuachiwa hata baiskeli. Ofisi yetu Dar es Salaam ilifunga mtungi wa gesi kwenye gari moja, likawa linatumia gesi na petroli, nami nikajiona rubani. Nikatumwa kumpeleka bosi wangu, Mama Sekela, kwenye mkutano Mtwara. Gesi iliisha kabla hata hatujafika Kilwa, tukaendelea kwa petroli.

Tulipoingia Mtwara mjini mshale wa petroli ulikuwa umelala. Mama akanionyesha kituo cha mafuta.

"Mama, gesi yenyewe inachimbwa hapo Msimbati," nikamwambia. "Nani anunue maji naye kakaa kisimani?"

Nikawapita watu wa Magomeni ya hapo Mtwara nikiwaonea huruma, washamba wanaonunua petroli na gesi yao wameikalia.

Kwenye geti la visima vya gesi nilipiga honi kama mwenye shamba, nikashuka, nikafungua buti. "Kaka, jaza mpaka juu."

Mlinzi, Mmakonde wa makamo, akautazama mtungi wangu, akanitazama na mimi.

"Ndugu yangu, hata korosho zetu zinakwenda kubanguliwa India. Gesi hii mimi nailinda tu, nyumbani napikia kuni. Pampu ya kujazia magari iko Dar es Salaam."

Nikawasha gari nigeuze. Likakohoa, likazima.

Mama akavua viatu, akashuka mchangani na nguo zake za mkutano.

"Haya, mjuaji," akasema, "tusukume kuelekea wapi?"